Kilichomo Kwenye Chupa ya Jeli

Mkuti, Masasi
7 Oktoba 2024

Mwalimu Cecil,

Shikamoo Mwalimu.

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Yuster, wa kidato cha nne mwaka 2011, yule uliyemtoa nje ya maabara kwa kucheka siku Dickson alipounguza nyusi zake. Hamudi wa pikipiki, huyu anayeleta mikate huko Chidya Jumanne na Ijumaa, ndiye aliyeniambia kwamba umestaafu umerudi nyumbani, na kwamba vitabu vyako vya kemia bado unavyo vyote. Nikasema basi, mtu wa kumuuliza nimempata.

Nina saluni ndogo ya kucha hapa Mkuti, chumba kimoja, meza moja, viti viwili. Napaka jeli, ile rangi inayokaushwa kwa taa. Sikusomea popote, nilijifunza kwa kutazama video. Naipenda kazi hii Mwalimu, nisikufiche. Mtu anaingia amenuna, anatoka anajitazama mikono njia nzima.

Shida ni vidole vyangu. Mwezi wa nane vilianza kuwasha. Mwezi wa tisa nikaenda Makote kumsaidia mama kuokota korosho, niliporudi vikaanza kubambuka na kupasuka. Katikati ya hayo simu ikaibiwa. Nimekwenda kurudisha laini, mashine ya alama za vidole imevikataa vyote kumi. Kijana wa laini kaniambia nirudi nikishaota vingine. Nikacheka pale, nimefika nyumbani nimelia. Kwa hiyo sina simu, siwezi kumpigia mtu wala kutafuta chochote mtandaoni, na jioni nikifunga mlango ni mimi na redio.

Hapa kila mtu anasema ni korosho. Mimi nina wasiwasi na jeli. Nimeibandua karatasi ya chupa, nimeitia humu kwenye bahasha. Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa na mengine ni ya Kichina. Naomba unisomee: kuna nini humu, na je, ndicho kinachonila?

Korosho zikishauzwa mnadani harusi zinaanza, na hapo ndipo wateja wanapojaa. Nataka kujua kabla ya hapo. Nikiacha kazi hii sina nyingine, na nikiendelea sijui nitabaki na vidole gani.

Mwanafunzi wako,
Yuster


Chidya
11 Oktoba 2024

Mwanangu Yuster,

Marahaba, marahaba sana!

Nakukumbuka vizuri mno. Hukutolewa nje kwa kucheka. Ulitolewa kwa sababu ulikuwa unanichekesha na mimi. Nyusi za Dickson ziliota, lakini moja ilirudi imekaa juu kuliko mwenzake. Amenitembelea mara moja, mwaka 2021, na nilijizuia nisiitazame.

Barua yako Hamudi aliniletea pamoja na mkate. Mkate niliusahau mezani mpaka kuku wakauona. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniuliza swali, Yuster. Watu wananiuliza habari za asubuhi, naam, na katekista ananiuliza kama nitasoma somo la pili Jumapili. Lakini swali lenyewe, la kumfanya mtu ainuke kitini, miaka mitano sijalipata. Mke wangu tu, Mama Dorothy, ndiye aliyekuwa ananiuliza, hata kwa nini chai hupoa. Tulimzika mwaka juzi, Mungu amrehemu. Dorothy mwenyewe yuko Dodoma na hupiga simu Jumapili, dakika nne au tano.

Sasa jibu. Nakubaliana na watu wa Masasi: hiyo ni korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali, na sisi tuliozaliwa huku vidole vimetubambuka kila msimu tangu utoto, hata hatuhesabu kuwa ni ugonjwa. Umeokota mwezi wa tisa, umebambuka mwezi wa tisa. Paka mafuta ya nazi, usiguse maganda, na msimu ukiisha utapona.

Hata hivyo karatasi yako naendelea kuisoma kwa lenzi. Niandikie zaidi. Nieleze kazi yako hatua kwa hatua, maana sijawahi kuiona. Na usiogope kuandika kwa urefu.

Mwalimu wako,
Cecil


Masasi
21 Oktoba 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Pole sana kwa Mama Dorothy. Sikupata habari. Nilikuwa nadhani walimu hawafiwi, sijui kwa nini.

Mwalimu, nisamehe, nakataa jibu lako. Umenifundisha mwenyewe kuangalia kabla ya kusema, nami nimeangalia.

Kazi ni hivi. Nasafisha kucha, nakwangua, napaka jeli ya chini, mteja anaingiza mkono kwenye taa. Napaka rangi, taa tena. Napaka ya juu, taa tena. Jeli ikimwagikia kwenye nyama ya kidole, naifuta kwa kidole gumba changu cha kushoto kabla ya taa. Ndiyo njia ya haraka, wote hapa tunafanya hivyo. Sasa korosho naokota kwa mkono wa kulia, lakini ulioharibika sana ni wa kushoto, na mbaya kuliko vyote ni hicho kidole gumba. Pia kope zinaniwasha, na kope zangu hazijaokota korosho.

Halafu kuna Stella wa duka la dawa, mteja wangu wa kila wiki tatu. Huyu ni mtu wa Iringa, mkorosho anauona kwa mbali tu akipita na basi. Juzi kanionyesha kucha zake, pembeni pamevimba na panawasha. Nilijisikia vibaya sana Mwalimu. Aliniuliza ni nini nikamwambia labda sabuni.

Nimemuuliza Khalfan anayetuuzia jeli. Amesema hii haina kemikali kabisa, ni maua tu. Kwenye simu ya jirani nimesikiliza sauti ya mama mmoja anasema jeli inaleta saratani na kuziba uzazi, na mwisho akataja mafuta yake ya kusafishia sumu, yanapatikana kwa oda. Nimuamini nani? Mmoja anasema maua, mwingine anasema kifo.

Wewe huuzi kitu. Niambie wewe.

Yuster


Chidya
28 Oktoba 2024

Yuster mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilisimama. Umenisahihisha na una haki. Mkono wa kushoto, kope, na mtu wa Iringa! Mimi nilikuwa nasema jambo ambalo kila mtu hapa anasema, kwa kuwa kila mtu analisema. Hilo ni kosa ambalo ningekukatia alama.

Kuhusu nani wa kumwamini, ulipomaliza barua ulikuwa umeshalijibu mwenyewe. Muulize kila msemaji maswali matatu: umejuaje, umempima nani, na unauza nini. Khalfan anauza jeli, yule mama anauza mafuta. Na asemaye kitu hakina kemikali kabisa amwonee huruma mwalimu mzee, maana hata maji ni kemikali.

Kwenye karatasi yako nimepata jina moja refu la Kiingereza ambalo wataalamu hulifupisha kuwa HEMA. Si hema la kupigia kambi. Sitaki kukupa jibu la kubahatisha mara ya pili, kwa hiyo nimempigia Anderson, aliyemaliza miaka miwili kabla yako. Sasa yuko maabara huko Mtwara na anaweza kupata maandiko ya madaktari wa ngozi. Ameahidi kunichapia na kunitumia kwa basi.

Wakati tunasubiri, niambie siku yako inavyokwenda. Unakula wapi mchana? Redio unasikiliza nini? Huku mvua inanukia lakini hainyeshi. Nimepiga deki nyumba nzima bila sababu.

Cecil


Masasi
9 Novemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Mchana nakula kwa Mama Ashraf ng'ambo ya barabara, ugali na kisamvu, Ijumaa wali. Sasa nakula kwa kijiko kwa sababu chumvi inaingia kwenye nyufa. Redio nasikiliza yoyote inayoshika, hasa wakitangaza vifo, nikisikia sitajwi humo nafurahi. Natania.

Nimeanza kuvaa glovu zile nyembamba nyeupe. Haijasaidia. Nimefunga plasta vidole sita. Kalamu naishika kama mwiko, ndiyo maana mwandiko umelala hivi. Wateja wanaitazama mikono yangu kabla ya kukaa, nami nasema korosho, nao wanasema aa, pole, korosho, na wanakaa. Kila nikisema hivyo najiona mwongo.

Mwisho wa mwezi nimeitwa Newala. Kuna harusi, dada zake bibi harusi na mashoga zao ni wanane, wote wanataka jeli. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Sijasema ndiyo wala hapana. Nasubiri wewe.

Anderson ameleta? Hata kama hajaleta yote, niambie neno moja tu: niache au nisiache?

Barua zako nazisoma wakati wa chakula. Mama Ashraf anadhani nina mchumba Chidya.

Yuster


Chidya
15 Novemba 2024

Mwanangu Yuster,

Mwambie Mama Ashraf mchumba mwenyewe ana meno kumi na saba.

Anderson bado hajakamilisha, lakini nikueleze namna jeli inavyokauka, kwa sababu inapendeza. Ndani ya chupa kuna chembe ndogo ndogo, kila moja iko peke yake, na ndiyo maana jeli ni majimaji. Mwanga wa taa ukizipiga zinaamka na kushikana mikono, moja na nyingine na nyingine, mpaka zinakuwa mnyororo mmoja mgumu. Haikauki kama nguo kwenye kamba, Yuster. Inaungana. Zikishashikana, kwa kawaida hazimsumbui mtu. Yenye maneno ni ile ambayo haijashikana bado, hasa ikigusa ngozi.

Hapo ndipo nitakapoishia leo, kwani karatasi imeniishia na Hamudi anapiga honi. Kwa sasa usifute kwa kidole, tumia kijiti. Mengine barua ijayo. Niandikie kwanza taa yako ni ya aina gani na kama ilikuja pamoja na jeli hiyo au ulinunua mbalimbali. Na uniambie Newala ukienda utafikia kwa nani, na kama bado kuna baridi ile.

Nangoja barua yako Jumanne.

Cecil


Newala
2 Desemba 2024

Mwalimu Cecil,

Shikamoo. Mimi naitwa Ziada, binamu yake Yuster. Yuster anasema na mimi naandika, kwa kuwa yeye mikono imefungwa bendeji.

Anasema: nilifikia kwa Ziada. Baridi ipo. Taa nilinunua mbalimbali, chupa kwa Khalfan na taa kwa mtu mwingine. Ulisema mengine barua ijayo na hukusema niache, kwa hiyo nilikuja. Nilitumia kijiti, nikabadilisha glovu kila mteja. Wanane wote niliwamaliza siku mbili, Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi niliamka macho hayafunguki na mikono imevimba mpaka kwenye kiwiko, inatoa maji. Kanisani sikwenda. Ngoma niliisikia nikiwa kitandani.

Jumapili mdogo wake bibi harusi alikuja analia, vidole vinamwaka. Huyu ana miaka kumi na tisa. Mama yao aliniita mchawi mbele ya watu.

Anasema: Mwalimu, ni nini kilichomo? Umeshajua au hujajua?

Mimi Ziada naongeza, yeye hajui naandika haya: hali chakula vizuri.


Chidya
6 Desemba 2024

Yuster,

Acha leo. Usiiguse tena jeli, hata kwa kijiti, hata kwa glovu. Nenda hospitali Ndanda, wape barua hii waisome, na upeleke chupa.

Nitaandika yaliyomo kwanza, kwa sababu hayo ni yako. Mengine baadaye.

Maandiko ni ya madaktari wa ngozi. Wamewapima watu wengi kwa kuwabandika mgongoni vipande vyenye dawa kidogo kidogo, wakaona ngozi ya nani inakataa nini. Hawauzi kitu. Wanasema HEMA na ndugu zake, yaani kemikali za jamii hiyo, ikigusa ngozi kabla haijaungana kwenye taa, inaweza kuufundisha mwili kuichukia. Huo ndio mzio. Ukishaingia, mara nyingi hautoki maisha yote, na kila ukigusa unarudi. Wapakaji wanaupata na wateja wanaupata. Kope huwasha kwa sababu mtu hujigusa uso bila kujua. Taa isiyolingana na jeli huacha nusu haijashikana ingawa juu pamekuwa pagumu. Glovu nyembamba hupitisha baada ya dakika chache tu. Kibandiko kinachosema haina HEMA hakitoshi, wale ndugu zake wanaweza kuwamo. Habari za saratani na uzazi sikuzikuta humo. Sisemi haziwezekani, nasema kurasa hizi hazikuzisema. Na jambo hili usilisahau: siku ukienda kuziba jino au kuwekewa chuma kwenye mfupa, mwambie daktari una mzio huu, kwani vitu hivyo hutumiwa huko pia.

Yule binti wa Newala na Stella nao waache, na waonwe na daktari.

Sasa yangu. Maandiko haya nilikuwa nayo tangu tarehe 2 Novemba. Uliponiuliza niache au nisiache, yalikuwa mezani, nimeshayapigia mistari. Nikakuandikia kwamba Anderson hajakamilisha. Nilikudanganya. Karatasi haikuniishia.

Nilijua kwamba ukipata jibu utashukuru, na barua zitakwisha. Nilifikiri nikupe kidogo kidogo, jibu moja lifike mpaka Krismasi. Nilikuwa naamka Jumanne na Ijumaa nanyoa ndevu kwa ajili ya pikipiki. Nilisema moyoni kijiti kitatosha, wiki mbili tatu si kitu. Huenda mzio ulikuwa umeshaingia tangu mwezi wa nane, sijui, na siwezi kujificha nyuma ya neno hilo. Newala usingekwenda. Mikono yako isingefikia huko, na yule mtoto wa watu asingelia.

Miaka thelathini na minne nimefundisha kwamba anayeficha matokeo ni mwizi. Sina la kujitetea.

Cecil


Chidya
20 Desemba 2024

Yuster,

Hamudi anasema umerudi Masasi lakini saluni imefungwa. Sikuandikii ili unijibu. Nimeyaandika yale ya madaktari kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, nakala kumi na mbili kwa mkono wangu. Hamudi atazigawa kwenye saluni za Mkuti na za stendi, na moja kwa Khalfan. Stella nimempelekea yake kwenye duka la dawa. Juu nimeandika nilikoyapata, ili yeyote aweze kunihoji.

C.


Chidya
7 Januari 2025

Yuster,

Heri ya mwaka mpya. Mvua imenyesha. Nilikuwa nataka kukueleza kitu kuhusu mvua nikakumbuka sina haki hiyo.

C.


Masasi
23 Januari 2025

Mwalimu Cecil,

Shikamoo.

Ndanda nilikwenda. Daktari alisoma barua yako yote, mpaka zile sehemu za kwako, kwa sababu sikuzikata. Akasema yaliyoandikwa kuhusu dawa ni sahihi. Nina mzio, wa maisha. Jeli basi. Alipokuwa ananieleza nilikuwa natazama kucha za nesi, fupi, hazina rangi, na nilikuwa nafikiri rangi gani ingemfaa. Hapo ndipo nilipolia.

Vidole vinapona. Taa niliirudisha kwenye boksi lake. Nasuka nywele sasa, kwenye baraza la Mama Ashraf. Nasuka vibaya, nitajifunza. Wasichana wa saluni nyingine wamebandika ile karatasi yako ukutani, wawili wamekuja kunionyesha vidole vyao. Stella amepona. Yule wa Newala nilimwandikia kumwomba radhi, hajajibu.

Nimekaa wiki sita sikuandikii kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Naamka nayo. Ulikuwa mtu mmoja tu niliyemwamini kwa sababu hauzi kitu, kumbe na wewe ulikuwa na bei yako. Nimekuwa nikitafuta neno la kukutukana na kila nikilipata naona ni la mwanafunzi kwa mwalimu, nalirudisha.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko mikono, na nataka ulijue. Ulidhani nilikuwa naandika kwa ajili ya jibu. Mwalimu, mimi nilikuwa nakaa na redio inayotangaza vifo. Ungeniambia ile tarehe mbili Novemba, ningelia siku moja, na siku ya pili ningekuandikia kukushukuru, na ya tatu ningekuandikia kukuuliza umekula nini. Ningeandika mpaka umwombe Hamudi aache kupita. Vyote hivyo ulikuwa navyo tayari, hukuhitaji kunificha kitu.

Sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakwambia siku hiyo hiyo.

Hiyo ya mvua nieleze. Nimemwambia Hamudi akishakupa mkate asiondoke, akae kibarazani mpaka umalize kuandika.

Yuster